Playfair Display kwenye meza yangu ya kadi

Mwezi uliopita mama mmoja aliingia kwenye kibanda chetu cha uchapaji, karibu na River Road, Nairobi, akatoa kadi ya zamani mkobani na kuiweka mezani. "Kijana wangu, ya binti yangu nataka iandikwe hivi hivi." Sikuhitaji kuuliza ni herufi gani. Mstari mmoja mnene kama nguzo, mwingine mwembamba kama uzi wa kushonea, na zote zimesimama kwa heshima. Hiyo ni Playfair Display, fonti (mtindo wa herufi za kompyuta) ambayo nimeitegemea kwa kadi za harusi miaka sita sasa.

Mchoraji wake ni Claus Eggers Sørensen wa Denmark, na ilitoka mwaka 2011. Iko Google Fonts, bure, kwa leseni huria inayoruhusu hata kazi ya kuuza. Kwetu sisi wa mtaani hilo lina uzito, maana fonti nyingi zinazozunguka hapa kwenye flashi hazina mwenyewe anayejulikana. Msukumo wake ni mwisho wa karne ya 18, kalamu ya unyoya ilipokuwa ikiipisha kalamu ya chuma yenye ncha kali, na hasa kazi ya John Baskerville, mchapaji wa Birmingham, Uingereza. Baskerville alitengeneza wino mweusi zaidi na kutumia karatasi laini ili mistari yake myembamba ionekane. Hata hivyo, wapo waliolalamika kwamba herufi zake zinaumiza macho. Nitalirudia hilo.

Ninachoipendea zaidi ni inavyokaa na Kiswahili. Lugha yetu imejaa a, na a ya Playfair ina kitone cha mviringo pale juu inapoanzia. Andika "Tunawakaribisha" kwa ukubwa wa pointi 36 uone vile vitone vinne vinavyofuatana kama shanga. Katikati ya majina ya maharusi siweki ile alama ya & waliyozoea wengi. Naweka neno "na" kwa italiki, na hakuna mteja aliyewahi kuniambia nilitoe. Kadi za rũracio, sherehe ya mahari ya Wakikuyu, nazo hazinisumbui: jina kama Mũthoni linatoka na alama yake juu ya u, imechorwa vizuri, wala si ya kubandikwa kutoka fonti nyingine. Nimewahi kukataa fonti za bei kwa sababu hiyo tu.

Kuna mahali pa kuwa macho, nako ni tarakimu. Ukiziacha zilivyo, zinapanda na kushuka: 3, 4, 5, 7 na 9 zinaning'inia chini ya mstari, 6 na 8 zinapanda, sifuri inabaki fupi kama herufi o. Ndani ya sentensi zinapendeza. Kwenye namba ya simu inayoanza na 07, au namba ya paybill ya kutumia mchango kwa simu, zinachanganya watu, na mchango ukienda kwingine lawama ni ya mchapaji. Tarakimu za kimo kimoja zimo humo humo. Kwenye Word fungua mipangilio ya fonti, sehemu ya Advanced, kisha uchague Lining. Fanya hivyo kabla ya kumtumia mteja sampuli.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwenye kijitabu cha mazishi. Niliandika wasifu wote wa marehemu kwa Playfair Display ya pointi 9, nikachapa kwenye karatasi ya rangi ya maziwa. Mzee wa familia alikishika, akakisogeza mbali na macho, akakirudisha karibu. "Mwanangu, haya maneno yamekatika katikati." Alikuwa sahihi. Ile mistari ya uzi ilikuwa imepotea. Nilivichapa upya usiku huo kwa gharama yangu, na sijasahau sura yake. Neno Display kwenye jina linamaanisha vichwa vya maandishi, si aya. Tangu wakati huo, chini ya pointi 18 siitumii, na juu ya rangi nzito natumia ile iliyokolezwa. Mchoraji huyo huyo baadaye ametoa Playfair nyingine inayobadilika kulingana na ukubwa, kuanzia pointi 5, ikinenepesha mistari kadiri maandishi yanavyopungua. Kwa vijitabu sasa nachukua hiyo.

Kwa kadi, mabango ya ukumbini na majina juu ya keki, naipa nyota tano bila kusita. Kwa maandishi marefu, moja.

Yule mama aliagiza kadi 250, karatasi ya gramu 300, foili ya dhahabu kwenye majina pekee. Nimeyaweka kwa pointi 44 ili foili isimeze ile mistari myembamba. Ijumaa anakuja kuzichukua na binti yake.