TAHADHARI: Mtaliano wa makoti, barabara ya Chianti

Siku tatu nimenyamaza kwa aibu. Sasa nasema, mtakaocheka chekeni.

Jumamosi tulikuwa tunashuka ile barabara ya SR222 huko Italia, Firenze kwenda Siena. Greve tumeshapiga picha na sanamu ya Verrazzano, yule baharia wa zamani (mmeziona), Panzano tumeipita. Kabla ya Castellina nikaegesha kando ya njia, Bi Mkubwa atazame mizabibu. Gari la kijivu likasimama nyuma yetu. Akashuka mzee nadhifu, shati limenyooka pasi, anauliza njia ya Siena. Mtaliano, kwao, anamuuliza njia mtu wa Kisauni! Tukamwambia tunatoka Mombasa, akashika kichwa. "Malindi! Mimi kaa Malindi miaka sita! Shikamoo mama!"

Shikamoo, jamani. Bi Mkubwa akayeyuka pale pale.

Na msiniambie ningejua. Malindi ile imejaa Wataliano, wengine Kiswahili chao kinawashinda wanangu wa huku. Huyu hata nguzo ya Vasco da Gama aliitaja. Nimshuku kwa lipi?

Akatusimulia na hadithi ya jogoo mweusi wa kwenye chupa za mvinyo. Ati Firenze na Siena walipatana mpaka uwe pale wapanda farasi wao watakapokutana, kila mmoja aondoke jogoo wake akiwika. Firenze wakamshindisha wao njaa, akawika kabla ya alfajiri, mpanda farasi wao akakaribia kuta za Siena ndipo akakutana na mwenzake. Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Kisha akafungua buti. Katoka maonyesho ya mavazi Milano, makoti mawili ya ngozi yamebaki, "zawadi ya mama". Akamvalisha mwenyewe, akamfunga vifungo kimoja kimoja. Mama keshavaa, anatabasamu, utamvua vipi? Ndipo likaja la kadi kugoma kwenye pampu, nimsaidie ya mafuta tu. Nikatoa euro 50, akazitazama kama nimempa ganda la ndizi. Akataka 200. Nikatoa! Mimi ninayebishania senti dukani kwa Mturuki!

Jioni Siena koti likaanza kunuka mpira. Nikakwangua kola kwa ukucha, ikabanduka kama rangi ya ukuta. Bi Mkubwa kalikunja, hasemi kitu. Hilo ndilo linaloniuma.

Afungwe yule! Avalishwe makoti yake yote, afungwe kamba kwenye hiyo nguzo ya Malindi, saa saba mchana, Februari! Namba ya gari sikuchukua, msiniulize.

Dalili? Alikuwa anauliza njia na simu yake ina ramani imewaka kwenye dashibodi, niliiona kwa macho yangu. Na huyo aliyeishiwa mafuta hakuzima injini hata dakika moja. Mwenyeji wetu Siena anasema mchezo huu ni wa zamani, uko miji mingi Italia. Msishushe kioo. Akiwabana, pigeni 112, namba ya dharura.

Koti la pili bado liko kwenye buti langu. Hata halinienei.