Miezi 14 nikiuza kozi ya Excel mtandaoni: uzoefu wangu

Kozi yangu ya kwanza ilikuwa na saa 9 za video na ilinila miezi mitano. Mwezi wa kwanza sokoni ilinunuliwa na watu 4, mmoja wao shemeji yangu. Kozi ya pili ina dakika 50, niliirekodi wikendi mbili tu, na ndiyo inayoniletea karibu pesa yote ninayoipata huko.

Mimi ni mtu wa hesabu, ofisini. Faili likigoma, mimi ndiye ninayeitwa "hebu njoo mara moja." Niliposikia watu wanauza kozi nikajiambia, kumbe hata mimi ninacho cha kuuza. Kosa langu lilikuwa kudhani ninachouza ni Excel. Excel imejaa YouTube, bure. Wenzangu hawakuwa wakiniita niwafundishe Excel; waliniita kwa sababu orodha mbili hazilingani na bosi anasubiri. Ile kozi ya saa 9 inaanza na "hii ni seli, hii ni safu." Ya dakika 50 inaanza na orodha mbili zisizolingana na inaishia pale zinapolingana. Hakuna kingine ndani yake.

Soko ninalolitumia ni moja ya yale makubwa ya kozi. Kujiunga hakuna malipo, video wanahifadhi wao, mnunuzi analipa kwao, wao wanakata chao. Mgawo ndio jambo la kusoma kabla hujabonyeza popote. Masoko ya namna hii huwa na viwango viwili. Udemy, kwa mfano, ambayo ipo tangu 2010, imekuwa ikimpa mwalimu asilimia 37 mnunuzi akiletwa na soko lenyewe, na asilimia 97 akija kwa kuponi au kiungo cha mwalimu, kabla ya makato madogo madogo. Na asilimia hiyo inahesabiwa kwenye bei aliyolipa mnunuzi, si ile uliyoiandika wewe. Siku za punguzo, na ni nyingi kweli, bei yako hubaki kama pambo tu. Mimi sasa nusu ya mauzo yangu yanatoka kwa watu niliowatumia kiungo mwenyewe, na hiyo nusu inazaa zaidi ya ile nyingine kwa mbali.

Vifaa: usinunue kamera. Uso wangu hauonekani hata mara moja na hakuna aliyelalamika. Kilichoniumbua ni sauti. Nilirekodi kwenye chumba kitupu chenye sakafu ya vigae, na tathmini ya kwanza kabisa niliyopata ilikuwa nyota 2: "Anajua, ila anaongea kama yumo ndani ya pipa." Iliniuma siku mbili, kisha nikasikiliza mwenyewe kwa spika za masikioni. Pipa kweli. Nikarudia kila kitu nikiwa nimeelekea kabati la nguo lililo wazi, na kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye shati. Nguo humeza mwangwi kuliko programu yoyote niliyojaribu.

Sasa ile habari ya kuingiza hela ukiwa umelala. Ni kweli, nimewahi kuamka nikakuta mauzo. Nimewahi pia kuamka nikakuta maswali 6 na maombi mawili ya kurudishiwa pesa, maana mnunuzi ana siku 30 za kubadili mawazo. Mengi ya maswali hayo niliyasababisha mimi. Nilifundisha XLOOKUP, fomula ya kutafuta kitu kwenye orodha, kwa mbwembwe kwa kuwa ni rahisi kuliko VLOOKUP, ile ya zamani ya kazi hiyohiyo, nikasahau kwamba Excel 2016 na 2019 hazina fomula hiyo. Watu wakaandika kila kitu sawasawa na seli ikawajibu #NAME?, yaani fomula haitambuliki. Wengine kompyuta zao zimewekwa kutenganisha vipengele vya fomula kwa nukta-mkato badala ya mkato, kwa hiyo wakinakili ninachoandika kinakataa. Ofisini nisingeyajua haya, kwa sababu kompyuta zote ziko sawa. Nilirekodi video ya dakika 4 inayoonyesha njia zote mbili, VLOOKUP na XLOOKUP, mkato na nukta-mkato, nikaiweka mwanzoni. Maswali yakapungua hadi nikadhani mfumo umeharibika. Hata hivyo bado natumia kama saa 3 kila wiki kujibu watu, na saa hizo sijawahi kuona mtu akizitaja kwenye zile video za "acha kazi, uza maarifa."

Malipo huja kwa mwezi, tena yakiwa yamechelewa, kwa sababu wanasubiri muda wa kurudisha pesa upite. Ukianza leo usitarajie kushika chochote kesho kutwa.

Je, nimeacha kazi? Hapana, na kwa kiasi ninachopata nisingethubutu. Kinalipia intaneti, kompyuta niliyoibadilisha mwaka jana, na kinabaki kidogo. Kwa huduma yenyewe naipa nyota 4. Moja nimeikata kwa sababu ya hayo mapunguzo yasiyoisha. Kozi yangu ya saa 9 naipa 2, na bado ipo sokoni kwa sababu shemeji hajaimaliza.

Wiki hii mwanafunzi ameniandikia kwamba tarehe zake zote zimegeuka namba, 45000 na kitu, anadhani faili limeingiliwa na virusi. Nimemweleza kwamba Excel huhesabu siku kuanzia Januari 1, 1900, na hapo kilichopotea ni mwonekano wa tarehe tu, tarehe yenyewe ipo. Huyo ni mtu wa saba kuniuliza jambo hilo. Kozi ya tatu haitazidi dakika 30, na kabati nimeshalifungua.