Buster Keaton katika kibanda cha video, Kisenyi
Jumamosi nililipa shilingi 1,000 kwenye kibanda cha video hapa Kisenyi, Kampala, nikamwona Buster Keaton, mchekeshaji wa Marekani wa filamu za zamani, kwa mara ya kwanza. Filamu ni ya 1928, Steamboat Bill, Jr. Kimbunga kinavuma, ukuta mzima wa nyumba unamwangukia, naye anapona kwa kuwa amesimama pale pale uwazi wa dirisha unapoangukia. Ukuta ule ulikuwa wa kweli! Uso wake haukubadilika hata kidogo. Mtu huyu alilelewa jukwaani na wazazi wake tangu utotoni, na inaonekana. Vijei wetu, anayefasiri kila neno kwa Kiluganda, hapo alinyamaza; nampongeza. Benchi ni gumu. Wakiionyesha tena nitakuja na wanangu.