Uzoefu wangu: Meta Quest 3 na mkono mdogo wa roboti, Lubumbashi

Kinachofanya Quest 3, miwani inayochora picha za kompyuta juu ya unachokiona chumbani, istahili bei yake ni kivuli. Mkono wa kidijitali unachorwa juu ya mkono halisi wa roboti mezani, huo wa kidijitali unatangulia kusogea, wewe unaona utagonga wapi, ndipo unathibitisha ili mkono halisi ufuate. Kuiendesha roboti moja kwa moja kwa kiganja kunafurahisha wageni tu: mwanga ukipungua kamera zinapoteza vidole, kiganja kinaruka, na roboti nayo inaruka. Ukitaka kuiendesha hivyo licha ya hayo, roboti isogee tu wakati kidole gumba na cha shahada vimebanwa, na isimame ikikosa amri kwa milisekunde 200.

Natumia Unity (programu ya kutengeneza michezo na picha za 3D) upande wa miwani na ROS 2 (programu ya kuendeshea roboti) kwenye laptopu yenye mfumo wa Ubuntu, zikiunganishwa na kiungo cha ROS-TCP-Connector kwa poti 10000 ya mtandao. Laptopu iunganishwe na rauta kwa kebo. Wi-Fi ya GHz 5 iachiwe miwani. Roboti ikienda kushoto ulipotaka kulia, usiguse mota. Unity hutumia mihimili (X, Y, Z) iliyopangwa kwa mkono wa kushoto, Y ikielekea juu. ROS hutumia ya mkono wa kulia, Z ikielekea juu. Rekebisha kwenye kodi ya programu.

Jasho lenyewe liko kwenye kulinganisha kivuli na mkono. Gusa pointi tatu za meza kwa ncha ya kidhibiti cha miwani, ziwe mbalimbali. Zikiachana sm 10, kosa la mm 2 linafika karibu mm 6 kwenye ncha ya mkono wa sm 28. Zikiachana sm 30, linabaki chini ya mm 2. Kisha funga kivuli kwa nanga ya mahali (spatial anchor, alama ambayo miwani inaikumbuka chumbani), la sivyo ukiweka upya mwelekeo wa miwani kinahama.

Halafu umeme, tunaujua. Ukikatika, miwani (betri yake ni saa 2 hivi) na laptopu zinaendelea, ila rauta inazimika na mkono, kwa kuwa hauna breki, unaanguka. Betri moja ya volti 12 inalisha vyote viwili, lakini pitisha kwenye kirekebishi volti, kifaa kinachozuia volti isipande: betri ikichajiwa hupanda kupita 14. Kitufe cha dharura kinachokata umeme nacho kinauangusha mkono, basi weka sponji chini.

Kuanzisha miwani kunadai intaneti, programu ya Meta Horizon kwenye simu na akaunti ya msanidi programu. Baada ya hapo kuendesha roboti hakuli mega.

Pesa zikiwa chache, Quest 3S, miwani ya bei nafuu zaidi, ina chipu ileile ya Snapdragon XR2 Gen 2. Ila maandishi madogo yanafifia. Chaja ya Marekani yenye pini bapa inakubali volti 220: nunua adapta, si transfoma.