Buti la hospitali baada ya operesheni ya kano ya kisigino, uzoefu wangu

Naona watu wanauliza sana kuhusu haya mabuti meusi, yale yanayopanda mpaka karibu na goti yenye mikanda ya kunata. Mimi la kwangu nimelivaa mpaka nimelichoka, acha niseme ukweli wake.

Mimi ni mtu wa mbio, Jumamosi alfajiri ungenikuta Daraja la Tanzanite na wenzangu wa jogging, tena nilikuwa najiandaa na nusu marathoni ya Kili kule Moshi. Kano ikakatika katikati ya mazoezi, nikageuka nione nani kanirushia jiwe, hakuna mtu. Operesheni, nyuzi, hogo, halafu ndo buti.

Kilichonifanya nilipende ni zile kabari. Ni vipande vya sponji ngumu vinakaa chini ya kisigino, kisigino kinakuwa juu vidole vinaelekea chini, kwa hiyo kano haivutiki. Kila baada ya muda daktari anaruhusu utoe kimoja, mguu unashuka taratibu mpaka unakaa flati. Aisee siku ya kutoa kabari nilikuwa naamka mapema kuliko siku ya mashindano! Ila usije ukajitolea mwenyewe nyumbani kisa husikii maumivu. Dada wa fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliniambia, "Kaka, hiyo kano ikipona ikiwa imerefuka hairudi, utakuwa na kisigino kisicho na nguvu ya kusukuma." Na sehemu ile damu inafika kidogo ndo maana inajiponyea kwa mwendo wake, hata ufanyeje. Duka nililonunua mimi walinipa buti na kabari bila maelezo yoyote, bila yule dada ningekuwa nakisia.

Sasa kasoro. Zito, na kwa joto la Dar linachemsha mguu balaa, sponji la ndani linaanza kunuka mapema tu. Vaa soksi ndefu za mpira wa miguu, na ukisharuhusiwa kulivua usiku lifue lile sponji ulianike mbele ya feni. Kasoro kubwa zaidi, ambayo hakuna aliyenitahadharisha, ni kwamba buti lina soli nene kwa hiyo mguu mmoja unakuwa mrefu kuliko mwingine, unatembea unachechemea mpaka nyonga na kiuno vinauma kuliko hata kisigino. Nikampelekea fundi viatu wa mtaani raba ya mguu mzima, akaipachika tabaka mbili za soli ya kandambili, akanipa nisimame, akachungulia mabega yangu kama yako sawa, akapunguza kidogo kwa kisu. Hela ya chai tu na kiuno kikatulia. Hiyo ndo pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote kwenye hili zoezi zima.

Daladala sahau wiki za mwanzo, chukua bajaji.

Kuhusu subira, jamani, buti lenyewe ni rahisi, kazi inaanza ukishalivua. Kigimbi kimeyeyuka, suruali inapwaya upande mmoja, na grupu la WhatsApp kila asubuhi watu wanaposti kilomita zao (nililizimia sauti, wanisamehe tu). Fizio akasema hakuna kukimbia mpaka nisimame kwa mguu mmoja nipandishe kisigino mara nyingi mfululizo bila kuyumba. Mara ya kwanza nimeshika sinki la jikoni kwa mikono miwili, natoka jasho, kisigino kikapanda kiasi cha kupitisha karatasi chini yake. Basi. Hata Beckham, yule mwanasoka, alipokatika kano Machi 2010 alikosa Kombe la Dunia la Afrika Kusini, akarudi uwanjani Septemba, na yule alikuwa na madaktari wa kila aina. Sasa mimi na fizio wa mara moja moja niharakie wapi? Saa hizi natembea haraka, nakimbia vidakika vichache natembea tena, natosheka.

Buti nalipa nyota nne, moja nimekata kwa joto na hiyo habari ya soli. Bei imechangamka kwa hiyo wengi wananunua lililotumika, siyo mbaya, ila kagua mikanda kama bado inanata, pampu kile kifuko cha hewa kilichomo ndani ya buti ukiache kidogo uone kama kinapungua, na hesabu kabari zote zipo. La kwangu lipo pia, nimeshalifua, anayelihitaji aseme.