Prime95 iliponiumbua: uzoefu wangu wa kuitesa prosesa niliyoiongeza kasi

Wiki tatu nzima nilitembea kifua mbele. Core i5-8600K yangu, prosesa ya Intel yenye vitengo sita vya kupiga hesabu (kori), ambayo kiwandani imepangiwa mwendo wa msingi wa gigahezi 3.6 na kupanda hadi 4.3 mzigo ukiwa wa kori moja, nilikuwa naiendesha kwa gigahezi 5.0 kori zote sita. Cinebench, programu ya kupimia kasi ya prosesa, ilipita mara tatu mfululizo. Michezo ilikwenda. Nikapiga picha ya skrini, nikawarushia rafiki zangu, nikajiona fundi.

Kisha faili zikaanza kunigeuka. Nilibana folda kubwa ya picha kuwa zipu moja, nikaifungua kesho yake, ikaniambia imeharibika. Nikailaumu diski. Nikaipima: nzima. Nikaibana upya folda ileile, safari hii ikafunguka bila neno. Kosa linalokuja na kuondoka namna hiyo hukufanya ushuku kila kitu, isipokuwa kile ulichokichokonoa kwa mikono yako mwenyewe.

Ndipo nikapakua Prime95. Kwa asili yake hii si programu ya kupimia kompyuta. Ni chombo cha GIMPS, mradi ulioanza mwaka 1996 wa kusaka namba tasa za Mersenne (zile zilizo pungufu kwa moja tu ya kipeo cha mbili) kwa kompyuta za watu wanaojitolea. Hesabu moja inaweza kuchukua siku nyingi, na prosesa ikiteleza mahali pamoja tu kazi yote imekwenda na maji. Kwa hiyo wakaweka sehemu ya kuihakiki mashine kwanza. Ukiifungua inakuuliza kama unajiunga na mradi au unapima tu. Chagua kupima, utaletewa dirisha ambalo wao wenyewe wameliita mtihani wa mateso. Hawakutia chumvi.

Kinachoitofautisha na programu nyingi za aina yake ni kwamba haisubiri kompyuta ianguke. Inapiga hesabu ambazo majibu yake inayajua tayari, na njiani inajikagua: zinapigwa kwa desimali, lakini kila jibu linapaswa kuangukia karibu kabisa na namba kamili. Likitua katikati, nusu huku nusu kule, kuna kori iliyokosea. Hapo kazi ya kori hiyo inasimama na kosa linaandikwa, huku kompyuta ikiendelea kama vile hakuna kilichotokea. Hiyo ndiyo hali iliyokuwa ikiniharibia zipu zangu: mashine haikuganda wala kuonyesha skrini ya bluu, ilikuwa inadanganya kimyakimya.

Nikachagua Small FFTs, mojawapo ya aina za mtihani huo. Hapa data yote inakaa ndani ya kache, kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa, hakuna kusubiri RAM, kwa hiyo kori hazipati hata nafasi ya kuvuta pumzi. Pembeni nikafungua HWiNFO, programu inayoonyesha joto, mwendo na volti. Sekunde chache tu, nyuzi 90. Dakika ya saba kori moja ikasimama na ujumbe kwamba umbali wa jibu kutoka namba kamili umefika 0.5 wakati unatakiwa kuwa chini ya 0.4. Dakika saba! Na mimi wiki tatu najisifu.

Nikafanya kosa ambalo nadhani kila anayeanza hulifanya: nikaongeza volti. Kutoka 1.30 nikapanda hadi 1.36, nikawasha tena, nikaenda zangu. Baada ya saa nzima nakuta kori zote zinafanya kazi, hakuna kosa hata moja. Nilikuwa karibu kufunga na kwenda kulala nilipoitazama safu ya mwendo kwenye HWiNFO. Haikuwa 5.0. Ilikuwa inapanda na kushuka kuzunguka 4.6, na joto limegonga nyuzi 100, ambacho ndicho kikomo cha prosesa hii. Ilikuwa inajipunguza yenyewe isiungue. Yaani mtihani ilifaulu, lakini si ule niliodhani nimeipa. Tangu siku hiyo sitazami matokeo ya jaribio lolote kabla ya kutazama mwendo wa chini kabisa uliorekodiwa.

Nikakaa na kalamu. Nguvu inayogeuka joto hukua pamoja na mwendo, lakini kwa volti hukua kwa kipeo cha pili. Nikilinganisha gigahezi 4.8 kwa volti 1.25 na gigahezi 5.0 kwa volti 1.36, napata kasi ya asilimia 4 tu, nayo nailipia kwa nguvu ya ziada ya karibu asilimia 23. Biashara gani hiyo?

Nikashuka 4.8. Kori moja iliendelea kuwa na joto kuliko wenzake kwa nyuzi 11. Nikafungua kipoozaji, nikakuta pesti ya kupitishia joto imekaa upande mmoja kwa sababu skrubu nilizikaza bila mpangilio. Nikapaka upya, nikakaza kwa kukingamanisha. Ikatulia nyuzi 83 kwa kori yenye joto zaidi. Na usishangae ukiweka volti 1.27 kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) kisha kipimo kikasoma 1.25 chini ya mzigo; volti hunywea kazi ikiwa nzito, na kuna mpangilio wa kuidhibiti. Mimi niliuweka katikati, kwa sababu ukiukaza mno volti huruka juu pale mzigo unapoachiliwa ghafla.

Small FFTs ikapita saa mbili. Nikahamia Blend, inayotumia RAM nyingi, na saa ya tatu ikasimama tena. Nilitaka kuirudisha prosesa nyuma zaidi, lakini kwanza nikaizima XMP, mpangilio unaoiendesha RAM kwa kasi kuliko kawaida, RAM ikarudi 2666, kasi ambayo prosesa hii imeidhinishiwa. Blend ikalala usiku kucha bila kosa. Kumbe wahalifu walikuwa wawili, na mmoja sikuwa nimemgusa kabisa zaidi ya kubonyeza kitufe kimoja kwenye BIOS.

Wapo wanaosema Prime95 ni ukatili usio na maana kwa sababu inatumia maagizo ya AVX (yanayopiga hesabu nyingi kwa mpigo mmoja) mfululizo kuliko programu yoyote ya kawaida. Kuhusu joto, nawaelewa. Dirishani mna visanduku vya kuzima AVX, na mimi nikiizima naona nyuzi karibu 10 pungufu, kiasi kinachofanana zaidi na siku yangu ya kazi. Kuhusu makosa sikubaliani nao hata kidogo. Hesabu ni hesabu. Prosesa isiyojua kuzidisha ikichoka sitaikabidhi picha zangu.

Lalamiko langu ni jingine. Prime95 inabana kwa mzigo mmoja usiobadilika, na hilo linaacha mlango wazi. Siku nne baada ya ushindi wangu, kompyuta iliganda nikiwa nasoma maandishi tu, feni hata hazisikiki. Prosesa ikiwa karibu haina kazi inashusha volti, kisha kori moja inaruka juu ghafla, na kwa sekunde ile volti haitoshi. Mateso ya saa nane hayawezi kuliona hilo kwa sababu hayapumziki. OCCT, programu nyingine ya kupimia, ndiyo iliyonisaidia, maana ina mzigo unaobadilikabadilika. Kosa likajitokeza ndani ya nusu saa. Nikaongeza milivolti 15, likapotea. Sasa naiacha HWiNFO wazi siku nzima na kukodolea mstari wa makosa ya vifaa yanayoitwa WHEA, yale ambayo Windows inayahesabu bila kukuambia. Mpaka leo unasoma sifuri.

Kwa anayeuliza kama aitumie: ni ya bure, ni nyepesi, sura yake ni ya miaka ya tisini, na haina kitufe cha kukufariji. Kaa karibu nayo dakika kumi za kwanza, macho kwenye joto, kidole kwenye kitufe cha kusimamisha. Ikivuka nyuzi 95, simamisha, usisubiri kuona itafika wapi. Chumba kikiwa na joto zaidi ya jana, tegemea prosesa nayo ipande kwa kiasi kilekile.

Ile picha ya gigahezi 5.0 bado ipo kwenye simu za rafiki zangu. Sijawaambia.