Pampasi za Wazee na Pedi za Vidonda: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Wengi wetu tunaouguza wazee nyumbani huingia duka la dawa, tukaomba pampasi ya watu wazima, tukachukua iliyopo na kuondoka. Nilifanya hivyo kwa miezi kadhaa nilipokuwa namuuguza mama, hadi asubuhi moja nilipomgeuza nikakuta ngozi ya nyonga imekuwa nyeupe na laini kama vidole vilivyoshinda kwenye maji ya kufulia, na pembeni imeanza kuchubuka. Tangu siku hiyo, kabla ya kuuliza bei, hutazama kwanza kama bidhaa itaiacha ngozi ikiwa kavu.

Kwa mgonjwa asiyeinuka kitandani, naiweka mbele pampasi ya kufunga kwa gundi pembeni, kwani hubadilishwa akiwa amelala ubavu. Iliyo bora ina chembechembe zinazogeuza mkojo kuwa kama jeli na kuushikilia hata uzito wa mwili unapoukandamiza, ilhali zile duni huurudisha juu. Ni rahisi kuipima: koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi katika mililita 300 za maji, mimina katikati ya pampasi, subiri dakika tano, kisha kandamiza juu yake karatasi kavu ya chooni kwa kiganja. Chumvi ni ya lazima, maana chembechembe hizo hunywa maji matupu mengi kuliko mkojo, na jaribio lisilo na chumvi litakudanganya. Karatasi ikitoka imelowa chepechepe, usiinunue tena, hata kama ni rahisi. Pampasi nne hafifu kwa siku zaweza kugharimu zaidi ya mbili imara. Pima pia kiuno na nyonga kwa futi ya fundi cherehani, kwa sababu pampasi kubwa mno haifyonzi zaidi, bali huvujia mapajani.

Nafasi ya pili naipa shuka la kufyonza linalofuliwa, lenye kitambaa juu na tabaka lisilopitisha maji chini. Ukiweza, nunua matatu: moja kitandani, moja kwenye kamba, moja kabatini. Usilifue kwa dawa ya kulainisha nguo, kwani hupunguza ufyonzaji. Mpira wa kitanda ukitandikwa peke yake huokoa godoro lakini humwacha mgonjwa kwenye jasho na mkojo, kwa hiyo hauna nafasi katika orodha yangu.

Pampasi ya kuvaa kama chupi inamfaa mzee anayetembea. Kwa anayevuja kidogo anapokohoa au kucheka, pedi ndogo ya mkojo inatosha. Pedi ya hedhi si mbadala wake, kwa kuwa imetengenezwa kwa damu inayotoka polepole, na mkojo hububujika kwa ghafla. Hapa nawasihi wanawake walioanza kuvuja mkojo mfululizo baada ya uzazi mgumu wasikubali kununua pedi maisha yao yote, kwa sababu huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu cha mkojo na uke, nayo hutibika kwa upasuaji. Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam huitibu bila malipo.

Vidonda vina ununuzi wake. Pamba isigusane na kidonda, kwani nyuzi zake hunasa humo, na pampasi si safi kwa kiwango kinachohitajika. Kwa kidonda kinachotoa majimaji mengi, bandeji ya sponji ndiyo ninayoipendelea, kwa sababu hufyonza bila kung'ang'ania nyama, ingawa bei yake huumiza. Bei ikikushinda, chukua shashi iliyotakaswa, pakiti isiyochanika wala kulowa, na juu yake pedi nene ya kidonda inayokipita kidonda kwa sentimita mbili hivi kila upande. Majimaji yakitokeza nje ya pedi, badilisha papo hapo. Harufu mbaya, usaha au wekundu unaosambaa unahitaji kituo cha afya, si pedi nene zaidi.

Epuka pampasi na pedi zenye manukato, kwani huweza kuwasha ngozi iliyokwisha kuchoka. Na kabla ya kulipia pakiti nzima, muulize muuzaji kama anauza moja moja, uijaribu usiku mmoja, kisha asubuhi uitazame ngozi ya mgonjwa kwenye nyonga na mapaja.